Jinsi ya kufufua gari ya zamani na kuipiga rangi mwenyewe nyumbani: nilivofanya na Peugeot 504 ya ami

Kama una gari ya zamani imelala uani na umeamua kuipiga rangi mwenyewe, nakuomba kitu kimoja kabla ya vyote, usinunue rangi kwanza. Tafuta sumaku ndogo, hata ile ya spika mbovu inatosha, ifunge kwa kitambaa chepesi isikwaruze, alafu zunguka nayo gari nzima polepole, chini ya milango, pembe za madigadi, mzunguko wa magurudumu ya nyuma, kando ya kioo cha mbele, pale buti inapofungia. Kwenye bati sumaku inashika, kwenye pati nene, ile fila ya kujazia mabonde, inateleza inaanguka. Kila inapoanguka tia alama ya chaki. Ukimaliza rudi nyuma uangalie, hizo chaki ndio kazi yako yote, rangi yenyewe ni mambo ya siku mbili tatu za mwisho.

Mimi nachukulia mfano Peugeot 504 ya saluni alioniachia ami yangu hapa Mombasa, manake ndio gari niliyoifungua boliti kwa boliti, lakini kama yako ni Corolla ama Datsun kazi ni ileile. Hizi 504 zilitoka Ufaransa mwaka 1968, mwaka uliofuata zikapewa tuzo ya gari la mwaka Ulaya, na huku kwetu wakubwa wanakumbuka Ove Andersson alivoshinda Safari Rally na 504 mwaka 1975, alafu 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile kupe ya V6. Na kwa miaka mingi zilikuwa zinaunganishwa hapahapa Mombasa, ndio sababu mpaka leo ukiuliza uliza utapata mtu ana mlango ama taa kwa stoo. Ni gari ngumu kwelikweli, watu wanaiamini mpaka wanasahau kitu kimoja, saluni hii haina chesesi ya kando kama lori, bodi yenyewe ndio chesesi. Ule ubavu wa chini ya milango unapokanyaga ukiingia, mafundi wanaita sili, ndio unaobeba gari. Ukioza huo unarekebisha uti wa mgongo, usifikirie ni urembo.

Na hapo ndipo nilipoumia. Miaka ya nyuma ami aliipeleka kwa gereji moja ikarudi inang'aa, sote tukafurahi, masika moja tu ikapita sili ya kushoto ikaanza kutoa malengelenge kama mtu aliyeungua na maji moto. Mimi nilipoanza kazi nikagonga hapo kwa mshiko wa bisibisi, badala ya mlio wa bati nikasikia mlio wa kadibodi. Nikabandua pati, lilikuwa nene kuliko kidole gumba, na nyuma yake nikavuta gazeti lililokunjwakunjwa likashindiliwa ndani, limelowa, limeshika kutu, na bado unasoma matangazo ya vifo juu yake. Gazeti lile lilikuwa linanyonya maji na kuyaweka palepale kwenye bati mwaka mzima. Niliumia moyo manake ami alilipa pesa nzuri, na gari hio ndio ilimpeleka shangazi hospitali usiku wa kuamkia kujifungua. Kwa hivo nikisema usifunike kutu naomba unisikie.

Sasa tuanze. Fungua kila kinachofunguka. Bampa, taa, mishiko ya milango, vioo vya pembeni, rabeti zote, yaani mipira ya kuziba kandokando ya vioo na milango, viti, zulia la floo. Watu wanapenda kuziba kwa tepu na magazeti wapulize juu juu, alafu baada ya miezi rangi inaanza kubanduka kuanzia kwenye ukingo wa rabeti. Kioo cha mbele pia kitoe kama rabeti yake imekauka, kwangu kutu mbaya kabisa baada ya sili ilikuwa chini ya hio rabeti na kwa nje huoni chochote. Boliti za kila sehemu zitie kwa mfuko wake na uandike kwa kalamu ya wino mzito, "mlango wa kulia mbele", "taa kushoto", na upige picha na simu kabla ya kufungua, piga nyingi, hutajuta. Betri itoe. Kama utachomelea karibu na tangi la mafuta basi tangi litoe kabisa ulipeleke mbali, tangi tupu lina mvuke na mvuke ndio unaolipuka.

Kutu nimezigawa tatu kichwani mwangu. Ya kwanza ni ile ya juu juu, rangi ya chai ya maziwa, ukipitisha msasa namba 80 bati linatoka jeupe, hio haina shida. Ya pili imeshakula vishimo vidogo vidogo kama uso wa mtu aliyeugua ndui, hio brashi ya waya ya grainda inatoa sehemu tu na chini ya vishimo inabaki nyeusi. Hapo unapaka dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, unaacha kulingana na maelezo ya chupa, unasafisha vizuri unakausha. Usiache mabaki ya asidi hata kidogo, manake epoksi, ile praima ya kwanza ya kulinda bati, na pati havishiki juu yake. Ya tatu ni tundu, au bati limekuwa jembamba mpaka bisibisi inapenya ukisukuma. Hio haina dawa, ni kukata mpaka ufike bati zima na kuchomelea kiraka.

Kuchomelea kama hujui mwite fundi aje nyumbani, hata mimi sili nilimwita, sioni aibu. Lakini simama naye. Mwambie bati geji 20, isiwe ile nene ya mageti ya nyumba, na asipige mstari mrefu kwa mpigo mmoja. Anapiga nukta hapa, anaenda upande wa pili anapiga nukta, anarudi katikati, anaacha ipoe, hivo hivo mpaka nukta zikutane. Akikimbiza moto sehemu moja bati linajikunja na hutalinyoosha tena. Kwa sili, kabla hajakata, gari iwe imekaa kwenye stendi sawasawa na milango imefungwa, ama utamaliza kazi uone mlango haurudi mahali pake. Na kiraka upande wa ndani kipakwe kitu, kisibaki bati tupu.

Ukiwa hapo chini tafuta vile vitobo vidogo vya kutolea maji chini ya milango na chini ya sili. Kwangu vilikuwa vimezibwa na mchanga na pati, nikavizibua na waya wa hanga, maji machafu yakatoka mlangoni kama nusu kikombe na wakati huo mvua haikunyesha kwa wiki mbili. Gari nyingi za pwani zinaoza kutoka ndani kuja nje kwa sababu ya hivo vitobo tu, wala usiilaumu bahari peke yake.

Bati likiwa zima, jua rangi ya zamani ni ya aina gani kabla hujaweka kitu juu. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe na thina ya duko, ile rangi inayokauka kwa thina kuruka tu, kiweke pahali pasipoonekana, ndani ya buti kwa mfano, ushikilie nusu dakika alafu sugua. Kitambaa kikitoka na rangi nyingi, rangi inayeyuka, basi ni duko. Rangi ikijikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, hio ni enameli, na ukipuliza duko moja kwa moja juu yake gari nzima itajikunja hivo hivo mbele ya macho yako. Isipofanya chochote, ni rangi ya hadina, yaani iliyochanganywa na dawa ya kuigandisha, ama ya kiwandani iliyochomwa kwa moto. Kwangu ndani ya buti haikufanya chochote lakini kwenye mlango ikajikunja, manake mtu aliwahi kuupiga enameli. Basi kitu kikijikunja toa chote mpaka rangi ya chini ilio ngumu, ama ufunike na praima ya epoksi uipe muda wake wote wa kukauka ndio uendelee.

Kusugua rangi ya zamani tumia msasa wa maji, sio mkavu. Rangi za miaka ile nyingine zina risasi ndani na vumbi lake halifai kabisa kwa watoto, kwa hivo loweka, sugua, osha uani, na watoto na kuku wakae mbali. Pale ulipofika bati utaona rangi zimepangana kama pete, yangu ilikuwa nyeupe, kijivu, nyeupe ingine ya maziwa, kijivu cha kiwandani, alafu bati. Pitisha kucha kutoka nje kuja katikati. Kucha ikigota hata kidogo kwenye pete yoyote hujamaliza, endelea na namba 240 alafu 320 mpaka kucha ipite kama kwenye kioo, manake rangi mpya haifichi hio ngazi, inaionyesha zaidi. Na bati tupu huku kwetu usililaze usiku, asubuhi utakuta limeshapiga rangi ya chungwa kwa unyevu wa hewa. Sehemu uliofungua leo ipate epoksi leo.

Pati sasa, wengine tunaita fila. Pati sio adui, adui ni pati nene. Kwanza nyoosha bati kwa nyundo na chuma cha kushikilia nyuma mpaka bonde libaki dogo, pati yenyewe isizidi milimita 3 hivi. Changanya kwenye kipande cha kioo ama bati safi, sio kadibodi, kadibodi inanyonya. Hadina ni kidogo sana, asilimia 2 au 3, kwa macho ni kama donge la pati la ukubwa wa limau na hadina kama punje ya mbaazi, alafu unakandamiza na kukunja, usikoroge kama uji utaingiza hewa na hewa ndio vile vitundu unavokuja kuviona baada ya rangi. Rangi yake iwe moja, ukiona mistari ya hadina endelea. Kwa joto letu una dakika nne tano hivi kabla haijashika, kwa hivo changanya kidogo kidogo. Isugue kavu na msasa namba 80 uliofungwa kwenye kibao kirefu, mkono mtupu unafuata mabonde wala hauyaondoi, ukimaliza namba 120 alafu 180. Na usiisugue kwa maji kamwe, pati inanyonya maji kama mkate, maji yanashuka mpaka kwenye bati, na utapata malengelenge yaleyale ya ami.

Kujua kama pamenyooka funga macho upitishe kiganja kizima, na vidole vimevalishwa soksi nyembamba, utashangaa mkono unavoona kuliko jicho.

Juu ya yote inakuja praima ya kujazia, mipulizo miwili mitatu, ikikauka puliza ukungu mwepesi wa rangi nyeusi ya kopo, alafu sugua na msasa wa maji namba 400 kwenye kibao. Weusi unaobaki ndio bonde, unaotoka haraka ni kilima. Endelea mpaka weusi uishe. Naomba pia usifanye kile naona kila siku barabarani, gari imepigwa praima ya kijivu inazunguka nayo miezi sita ikisubiri pesa ya rangi. Hio praima ya kujazia inapitisha maji. Kama pesa imeisha, bora usimame kwenye epoksi na uifunike gari kwa turubai.

Tuje kwa rangi yenyewe, na hapa nitasema ukweli hata kama hutaupenda. Rangi nzuri zaidi na inayodumu ni ile ya kuchanganya na hadina, ya 2K. Lakini hadina yake ina kemikali inaitwa isosayaneti, na hio kitu ikiingia kifuani inaweza kukuletea pumu ya maisha, na haina harufu ya kukuonya. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote, ile ya vumbi pia, na hata ile ya vichungi vya mkaa huwezi kuitegemea kwa kazi hii, wanaofanya sawasawa wanavaa maski inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Nyumbani una hio? Mimi sina, na nyumba ya jirani iko hatua sita na mama yake ana kifua. Kwa hivo ukitaka 2K fanya maandalizi yote nyumbani, mpaka msasa wa mwisho, alafu ipeleke kwa chumba cha kupulizia wakupigie rangi tu, utakuwa umefanya kazi kubwa mwenyewe na umelipia ile ndogo. Ukitaka kumaliza nyumbani tumia duko, inayokauka kwa thina kuruka tu. Inapauka mapema kuliko 2K na inataka polishi mara kwa mara, lakini inasameheka, ukikosea leo unasugua kesho unapuliza tena. Na kwa duko pia vaa maski ya mkaa, miwani na glavu, wala pasiwe na jiko la makaa, sigara ama grainda karibu, hio ni kama petroli hewani.

Gari ya miaka hio kama ni rangi moja isiyo na metaliki, nyeupe, krimu, bluu, usihangaike na klia, ile rangi ya kioo isiyo na rangi, juu, duko inang'aa yenyewe ukiipiga polishi. Kwa kulinganisha rangi chukua kijifuniko cha tangi uende nacho dukani, lakini kwanza kipige polishi, ama watakuchanganyia rangi ya vumbi la miaka thelathini. Ukibadilisha rangi kabisa, mfano nyeupe kuwa nyekundu, rangi imeandikwa kwenye kitabu cha gari kwa hivo nenda kairekebishe, Kenya ni NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, Tanzania ni TRA, mamlaka ya mapato.

Siku ya kupuliza ichague. Hapa pwani mimi nangoja kaskazi, Januari na Februari, masika sigusi. Unyevu ukizidi duko inageuka nyeupe kama umepaka maziwa, hio ni thina imeruka haraka ikapoza uso wa rangi na unyevu wa hewa ukanata juu. Ikitokea usilie, acha ikauke, ngoja siku kavu, puliza thina ya polepole kidogo juu yake, mara nyingi inarudi. Saa nzuri ni kuanzia saa tatu asubuhi umande ukishatoka mpaka saa tano, baadaye upepo unaamka, na jioni wadudu wanakuja kulala kwenye rangi yako. Gari iwe chini ya kivuli, bati likiwa la moto rangi inakauka kabla haijatandaa. Mimi nilifunga turubai pande tatu na nikamwaga maji chini vumbi lisiinuke.

Kompresa ya lita 50 ya kuazima inatosha kama utapuliza kipande kipande, leo milango miwili, kesho boneti. Kila asubuhi fungua kile kifunguo cha chini utoe maji, huku kwetu yanajaa kweli, na weka kichujio cha maji kwenye mpira. Bunduki ya rangi tundu la 1.3 au 1.4 kwa rangi, praima ya kujazia inataka kubwa zaidi, 1.7 hivi. Chuja rangi kwa soksi ya nailoni. Futa gari na dawa ya kutoa grisi kwa vitambaa viwili, kimoja kibichi cha kupaka kimoja kikavu cha kufuta kabla haijakauka, na usitumie petroli inaacha mafuta. Kama kuna mtu alikuwa anapaka ile polishi ya dashbodi na matairi, futa mara tatu, silikoni yake inafanya rangi ikimbie iache vijicho kama vya samaki.

Kupuliza kwenyewe jifunze kwenye bati bovu kwanza. Bunduki iwe umbali wa shibiri moja, sentimita 15 mpaka 20, ielekee bati wima, na mkono wote utembee kutoka bega, ukizungusha kiwiko tu katikati panakuwa pazito pembeni pepesi. Anza kuvuta kabla hujafika kwenye bati na uachie ukishapita. Kila mstari ufunike nusu ya uliopita. Mpulizo wa kwanza uwe mwepesi, unaona chini bado, hio ni sawa, subiri dakika 10 hadi 15, endelea, mitano ama sita inatosha. Tamaa ya kuona inang'aa kwa mpulizo mmoja ndio inaleta machozi kwenye mlango. Yakishatoka usiguse kwa kidole, acha ikauke siku kadhaa uyasugue na 1000 kwenye kibao kidogo.

Acha gari wiki mbili, kweli wiki mbili, duko ikiguswa mapema inazama baadaye. Alafu msasa wa maji namba 1500, 2000, na sabuni kidogo, epuka kingo za bati hapo rangi ni nyembamba, malizia na polishi ya kusagia kwa kitambaa cha pamba. Siku hio niliyofika boneti nikaona matawi ya mwembe yamejichora ndani yake, shangazi akatoka na kahawa akasimama tu.

Kabla hujarudisha rabeti na zulia, puliza nta ya ndani kwenye sili na ndani ya milango kupitia vitobo vya juu mpaka ianze kudondoka kwa vile vitobo vya chini, alafu vizibue tena. Oil chafu ya injini watu wanapaka, mimi siitaki, inakula rabeti na inachafua ardhi. Rangi iliyobaki itie kwa chupa ndogo ya kioo ijae mpaka juu na uandike tarehe na kipimo cha thina juu yake, jiwe la barabarani likikudonoa unagusa palepale siku ileile. Na kila ukipita kwenye maji ya chumvi ama barabara ya ufukweni, mpira wa maji chini ya gari dakika tano, kuanzia kwenye sili.